Sahihi Yangu Kwenye Ukurasa wa Tatu

Mdogo wangu,

Mama hajambo, ila goti linamsumbua. Paa la jikoni tumeshaliziba.

Nasikia siku hizi unawafundisha waandishi wapya tofauti ya mtuhumiwa na mhukumiwa. Somo zuri. Mmoja anashukiwa tu, mwenzake ameshapatikana na hatia. Na mfano unaowaonyesha ni ule ukurasa wa tatu wenye sahihi yangu.

Mimi nilisoma “mtuhumiwa” nikatia sahihi. Wewe mhariri ukalibadilisha baadaye likawa “mhukumiwa”, wala hukuurudisha kwangu niusome upya, kama tulivyozoea. Kesho yake ukaniambia kwenye ngazi, “Dada, lile la kwanza lilikuwa limepoa.” Yule mwalimu aliyeandikwa kwenye habari ile alifukuzwa shuleni kabla kesi yake haijasikilizwa, nami nikafukuzwa gazetini. Mkurugenzi alipouliza nani kakosea, uliangalia viatu vyako. Nikanyamaza, maana Mama alinisihi nisimwage mtama kwenye kuku wengi.

Nakala niliyoisoma mimi bado ninayo. Mwalimu amefika, yuko mlangoni ananisubiri. Tunaipeleka kwa mkurugenzi.

Ni mimi dada yako,
msahihishaji