Mjukuu wa Choluteca

Panama, 2 Agosti 1969

Mama mkwe wangu mpendwa, Mama Hortensia,

Shikamoo Mama. Kabla hujauliza lolote, pokea hili kwanza: Delmira mzima, amejifungua salama, na mjukuu wako ni msichana. Sasa kaa, unywe maji, ndipo uendelee kusoma. Miguu yako vipi? Na mvua za huko Usulután, zimeyasaza mahindi? Mimi afya ninayo, ila usingizi ndio kwanza umenirudia wiki hii.

Najua hujapata neno kutoka kwetu tangu Juni. Barua za Wahondurasi hazifiki Salvador sasa, ndiyo maana hii anakuletea mkononi Luteni Wilfredo Menjívar, Msalvador mwenzako, niliyekaa naye chumba kimoja hapa kwenye kozi ya maafisa. Mkaribishe. Ananiita shemeji kwa ajili ya Delmira, na maneno yake hayaishi.

Habari za vita zilitukuta kwenye kifungua kinywa. Mpishi aliongeza sauti ya redio, ikasema ndege za Salvador zimeishambulia Honduras jioni iliyopita. Vijiko vikasimama. Tulikuwa maafisa kumi na mmoja, wa nchi zote mbili, meza moja. Menjívar akaninong'oneza, "Shemeji, mkeo yuko upande gani?" Nikamwambia yuko kwetu Choluteca, Honduras, na mimba yake imetimia. Akasukuma sahani kando, na siku hiyo hakutania tena. Mchana tulitenganishwa meza.

Mama, risasi za jeshi lenu sikuziogopa kama nilivyoogopa majirani zangu. Tangu Juni Wasalvador walikuwa wakifukuzwa majumbani kwa mapanga, na mimi sikuwa na njia hata ya kupiga simu. Siku ya tisa ikaja telegramu ya dada yangu Eulalia: wote wawili wazima. Niliketi kwenye ngazi nikalia mbele za watu, na aliyenishika bega ni Menjívar.

Baadaye Eulalia aliniandikia yote. Asubuhi ile ya redio, wanaume sita walifika nyumbani wakimtaka "yule Msalvador". Dada akasimama mlangoni, mikono imejaa unga, akawaambia, "Huyu ni mke wa luteni! Mumewe ana sare ya nchi hii, nyie mna nini? Haya, ingieni basi, mnishikie beseni, maana uchungu umeshamshika!" Wakatazamana. Mmoja akavua kofia, akaenda mbio kumwita mkunga. Wengine wakaondoka mmoja mmoja, kama watu waliokosea nyumba.

Sasa lililo zito. Asubuhi ileile, meja wetu alituita Wahondurasi kila mtu peke yake, fomu mezani, akauliza nani ana ndugu Salvador. Nilijua atakayekubali hatapewa kikosi, na huenda akaitwa msaliti. Nikasema sina. Akauliza mke wangu wa wapi. Nikasema Guatemala. Dada yangu alikuwa mlangoni akipaza sauti kwamba Delmira ni mke wangu, na mimi nilikuwa nimesimama wima nikimkana. Nilikukana na wewe pia, Mama, uliyenilisha kwa mkono wako siku ya posa.

Jumatatu ya wiki hii, baada ya kusoma barua ya Eulalia, nilirudi kwa meja nikamwambia nilidanganya. Alinitukana akachoka, akasema cheo cha kapteni nikisahau. Nilitoka mle ofisini nikapumua, nikapita jikoni nikala sahani mbili. Delmira nimeshamwandikia haya. Majibu yake, kwa telegramu, yalikuwa mstari mmoja: nije nyumbani, mtoto ana masikio yangu. Jina bado hana. Mama yake hampi mpaka wewe uchague.

Ukiona sistahili, nyamaza kwangu, lakini jina tafadhali litume. Menjívar ameahidi kutafuta njia ya kulifikisha. Nisalimie Baba Anselmo na wote wanaokuuliza habari zetu. Mungu akutunze mpaka barabara ifunguliwe, nikuletee binti yako na mwanawe.

Mkweo,
Luteni Rigoberto Zúniga

Kwenye fomu mpya, penye ndugu walioko Salvador, nimeandika jina lako kamili.