Neno la Kidoti Getini

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Chiriku, ndivyo wanavyoniita wote.
Umri: miaka 24.
Kazi: mwalimu msaidizi, darasa la watoto wenye hali ya Down.
Makazi: kwa mama, nyuma ya kituo cha mabasi.

Nimeambiwa niseme kweli tupu, nami nasema kweli. Mimi mwenyewe nina hali ya Down. Nilisoma darasa hilohilo, sasa nafundisha humo na Mwalimu aliyenifundisha.

Mnamo tarehe 9 mwezi huu, saa saba mchana, nilikuwa getini nikiwakabidhi watoto kwa wazazi wao. Mwalimu alikuwa ndani. Nilibaki na Kidoti, binti wa miaka sita. Kidoti anaelewa kila kitu, ila maneno hayamtoki. Muhula mzima tumecheza mchezo wa picha: nainua picha ya mtu, mtoto anasema "mama," "baba" au "simjui." Kidoti alikuwa anatikisa kichwa tu.

Akaja mwanamume mwenye shati la bluu. Alisema yeye ni mjomba, ametumwa na dada yake amchukue mtoto. Jina la Kidoti alilijua. Alikuwa mpole, akatoa na biskuti. Nilimwomba asubiri nimwite Mwalimu. Akasema ana haraka, halafu akaniuliza kama mtu kama mimi anaweza kuamua jambo. Nilipiga magoti nikamuuliza Kidoti, "Huyu ni nani?"

Kidoti alimtazama juu mpaka chini. Akasema, "Simjui."

Afande, liandike vizuri hilo neno. Lilitoka lote, hakuna herufi iliyobaki mdomoni. Nilitaka kuruka.

Yule mtu akamvuta mkono. Nilimkumbatia mtoto nikapiga yowe, na Kidoti naye akawa anapaza neno lake bila kupumzika. Fundi baiskeli wa ng'ambo ya barabara alikuja mbio, akamkamata ukosi yule mtu mpaka mlipofika.

Mama Kidoti alipokuja alisema hana kaka. Nikamweleza mtoto alivyosema. Alikaa chini palepale kwenye vumbi, akalia na kucheka kwa pamoja. Woga bado ninao kidogo, lakini furaha ndiyo nyingi.

Hayo ndiyo niliyoyaona na kuyasikia, na nayasimamia.

Sahihi: Chiriku

Maelezo ya ofisa: Nilitaka kumsomea shahidi maelezo haya kabla hajatia sahihi. Aliomba asome mwenyewe. Amesoma yote kwa sauti, kidole kikifuata mstari, na waliokuwa kaunta waliacha kazi wakamsikiliza hadi mwisho.
Koplo wa zamu