Nyota Kwenye Mitungi ya Mama

Mjomba,

Shikamoo. Naiandika kwa sababu dada yako alinifundisha kumwamkia mkubwa hata nikiwa na hasira. Na hasira ninayo. Nimemwomba ndugu yangu Fadhila aisome barua hii barazani kwako, mchana, watu wakiwepo, maana jina la mama lilichafuliwa mbele za watu.

Nipo huku pwani, kibaruani. Tunachimba ardhi taratibu kwa mwiko na brashi, tunatafuta vigae vya watu wa kale. Mgongo umekwisha. Juzi mkubwa wetu wa kazi, mama mmoja msomi asiye na majivuno, alitufungulia kitabu wakati wa kula. Kina picha za mitungi ya Wagiriki wa zamani, mirefu, yenye vishikio viwili, waliyokuwa wakijaza divai na mafuta na kuisafirisha mbali kwa merikebu. Kwenye vishikio kuna mihuri iliyopigwa udongo ukiwa mbichi, mingine ya ua, mingine ya jina. Kwa mihuri hiyo, alisema, wanajua mtungi ulitoka mji gani.

Nikamuuliza, "Hilo jina ni la aliyefinyanga?"

"Mara nyingine. Mara nyingine ni la mwenye karakana, au la mkubwa wa mji. Aliyefinyanga mara nyingi hatumjui."

"Na kama mwenye muhuri alidanganya?"

Akacheka. "Basi na sisi tumedanganyika."

Wenzangu wakacheka pia. Mimi nikasukuma ugali kando. Nilikuona wewe, Mjomba, umekaa katikati ya kitabu kile.

Unakumbuka kijiji chetu cha Kitangari kabla ya muhuri wako wa nyota? Mama alipanda na udongo kutoka bondeni, akaukanda mpaka ukawa laini kama unga wa muhogo. Akishasugua shingo ya mtungi kwa kokoto, alibonyeza ukucha wa kidole gumba mara tatu kwa mstari uliopinda, sawa na nembo aliyochanjwa shavuni. Kila mfinyanzi alikuwa na alama yake. Mtungi ukivuja, mwenye nao aliangalia shingo, akajua nyumba ya kwenda kugomba. Mama hakuogopa. Hakuuza mtungi bila kuugonga kwa kidole na kuusikiliza. Ukilia vibaya, aliuvunja mwenyewe.

Na wewe nilikupenda. Ulinipakia mbele kwenye bomba la baiskeli, mitungi imefungwa kwa majani nyuma, tukateremka kwenda Masasi huku ukipiga kelele, "Shika roho, mpwa! Breki nimeziacha Newala!" Tulicheka mpaka tukatoka machozi. Hilo ndilo linaloniuma, kwamba furaha ile ilikuwa ya kweli.

Halafu zikaja siku za ruksa. Kila mtu akawa mfanyabiashara, na wewe ukawa wa kwanza kijijini.

"Dada, siku hizi kila kitu kina chapa. Hata sabuni ya mche ina chapa!"

"Sabuni inaisha, kaka. Mtungi mtu anaishi nao."

Hukumsikia. Ulikwenda kwa mchongaji, ukarudi na muhuri wa mpingo wenye nyota, ukamwambia aache mambo ya ukucha. Alikubali, kwa kuwa kwetu kaka wa mama ndiye mwenye kauli ya mwisho. Kumbe muhuri huo huo ukauzungusha vijiji vingine, kwa wafinyanzi uliowaharakisha wachome mitungi kabla haijakauka. Yote ikashuka Masasi na nyota moja, na wewe ukiinadi, "Mitungi ya Mama Fadhila hiyo!"

Siku yule mama wa kijiji cha Mnyambe alipokuja na vigae ndani ya kanga, wewe ulikuwepo. Ulikuwa unakula mabibo.

"Mama Fadhila, nimeteremka bondeni na kupanda na maji kichwani. Yamenimwagikia mgongoni nikiwa nimefika mlangoni. Hii nyota si yako?"

Mama alishika kigae, akakigonga, akasikiliza. Alijua si mkono wake. Akakutazama wewe. Ulitema kambakamba za bibo, ukasema, "Labda ulijikwaa, mama."

Mama angesema mtungi si wake, angekuumbua wewe kaka yake mbele ya mgeni. Akampa yule mama mtungi mwingine, akaomba radhi kwa kosa lako. Tangu hapo kisimani wakamwimbia: "Unakwenda na mtungi wa nyota? Beba na sufuria la kukingia!" Akaacha kufinyanga. Na wewe ulifanya nini? Ulipanga ndoo za plastiki kwenye baraza yako hiyo hiyo, ukiwaambia wateja, "Hizi hazivuji kama za dada yangu." Kwa mdomo wako, Mjomba! Chapa yako ilimchapa mama mpaka akaingia kaburini.

Hayo pengine ningeyameza, kama yeye alivyoyameza. Lakini Fadhila ameniletea habari kwamba ulipotimiza mila, ukatoboa mtungi na kuulaza juu ya kaburi lake, ulichagua wenye nyota. Ukasema ni heshima. Ndiyo maana kitabu kile kilinikosesha usingizi. Vigae vinakaa ardhini kuliko sisi sote. Watu watapita pale, wataiona nyota, watasema huyu ndiye aliyewauzia wenzake mitungi mibovu.

Sikubali.

Uvunguni kwa Fadhila kuna mtungi wa mama wa kuwekea mbegu za kunde. Una ukucha wake shingoni. Nimemwambia azihamishe kunde, autoboe, aupeleke kaburini leo leo, na ule wa nyota akurudishie mlangoni kwako. Usiuguse ule wa ukucha.

Na wewe useme mbele ya hao wanaosikiliza sasa: "Mitungi iliyovuja haikuwa ya dada yangu." Ni maneno machache. Ukikwepa kama ulivyokwepa siku ya mabibo, yamekwisha kusomwa na wameyasikia.

Nitakuja korosho zikianza kuanguka. Shikamoo ya leo niliyoiweka juu ni ya mama, yeye ndiye aliyenifundisha. Yangu mimi utaipata siku utakapoyasema.

Mpwa wako,
mtoto wa Mama Fadhila, mfinyanzi