Tuktuk Yangu, Maganda ya Mathenge na Mbuzi wa Hooyo

Jumamosi, baada ya swala ya alasiri. Iftin, Garissa.

Leo jua limetuhurumia. Wingu limetanda tangu asubuhi, halina nia ya kunyesha, lakini kivuli ni kivuli. Nimeegesha tuktuk nje ya lango, nimevua viatu, na nina furaha ambayo sijui niiweke wapi. Ndiyo maana nimekuja kuiandika hapa.

Hooyo amepanda tuktuk yangu.

Najua hiyo si habari. Mama kupanda chombo cha bintiye, kuna ajabu gani? Lakini mama yangu alikuwa hajaikanyaga tangu kaka yangu aanze kuitilia mafuta yake. Nilikuwa nikimpita njiani, amejifunika mwavuli, anatembea kwenda sokoni kwa miguu, nami nina viti vitupu nyuma. Nikipunguza mwendo, ananipungia mkono niende zangu.

Kaka yangu anaitwa Abdirizak. Anafundisha ufundi wa magari katika chuo kimoja hapa mjini, na chuo kina kibali cha mtambo alioutengeneza na wenzake kwenye karakana. Wanasaga maganda ya mathenge, ule mti wa miiba uliotuvamia, wanayaloweka kwa hamira mpaka yachachuke, kisha wanayachemsha na kukinga mvuke wake ukipoa. Kinachotona ni ethanoli, spiriti kali inayowaka. Kidogo chake huchanganywa na petroli.

Hoja yake ni nyepesi. Mathenge imefunga njia, imemeza mashamba ya kando ya mto, miiba yake imenitobolea magurudumu mara nyingi kuliko ninavyotaka kukumbuka. Na kila msimu inamwaga maganda matamu chini, bure. Kwa nini tungoje malori ya mafuta kutoka mbali?

Alihitaji injini ya kujaribia. Mimi ninayo. Nilikubali haraka kuliko ilivyofaa, kwa sababu siku niliposema nataka kuendesha tuktuk katika mji huu, yeye peke yake hakucheka.

Jaribio la kwanza liliniaibisha. Injini ilizima kwenye barabara ya darajani, nyuma nimebeba akina mama wawili na mizigo yao. Walishuka, wakajitwika mizigo, wakaendelea kwa miguu, na hilo liliuma zaidi ya matusi. Kumbe spiriti ilikuwa na maji, na maji yalijitenga na petroli yakakaa chini ya tangi. Abdirizak alisafisha kabureta kwa mikono yake, akaanza kuikausha spiriti kwa chokaa kabla ya kuichanganya. Tangu hapo imenisumbua asubuhi tu, inapochelewa kuwaka. Tena inakunywa mafuta mengi kuliko ilipotumia petroli tupu. Sitaficha.

Majirani walisema tuktuk yangu imelewa. Nikadhani hapo ndipo Hooyo alipokwama: pombe, na sisi Waislamu. Abdirizak alidhani hivyo pia, akaenda kwa sheikh wa msikiti wetu. Sheikh aliuliza maswali mengi, mwishowe akasema kwamba kwa maoni yake hakuna ubaya maadamu haikutengenezwa kwa kunywewa, ila isitoke karakanani kabla ya kuchanganywa na petroli, asije mtu akajaribiwa. Abdirizak alirudi mbio kumweleza Hooyo. Hooyo aliitikia kwa kichwa, akachukua mwavuli wake, akaenda sokoni kwa miguu.

Juzi nilichoka, nikamfuata zizini nikamuuliza. Alinijibu kwa Kisomali, polepole, bila kuniangalia.

"Mwaka ule wa ukame, Hodan, majani yalipokwisha kabisa, mbuzi wangu waliishi kwa maganda hayo. Sasa kaka yako anayachemsha ili gari litembee. Mbuzi watakula nini?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa halali na haramu. Si kwa mbuzi.

Nilimpelekea Abdirizak swali lile lile. Jana alikuja na gunia la machicha, mabaki ya maganda baada ya spiriti kutolewa. Alimweleza Hooyo kwamba kulevya kote kumekwenda na mvuke, na sukari nyingi imekwisha, ile inayoozesha meno ya mbuzi. Tena mbegu zimesagwa, kwa hiyo hazitaota tena kwenye mavi yao.

Hooyo alinusa. Akatafuna kidogo, akatema. Kisha akamchagua mbuzi mmoja mzee, aliyepoteza meno kwa maganda hayo hayo, akamwekea kwenye beseni. Mzee yule alikula mpaka akalamba beseni.

Leo asubuhi alikuwa mzima, anadai tena.

Hapo Hooyo akamwita Abdirizak na kumpa masharti. Maganda yaokotwe ndani ya vichaka vizito vya kando ya mto, ambako mifugo haiwezi kuingia. Machicha yarudi kwa wenye mifugo. Na mwaka ambao mvua itakosekana, mtambo uzimwe. Kaka yangu, mwalimu mzima, aliitikia "haye, Hooyo" kwa kila moja.

Kisha Hooyo alitoka langoni, akakusanya shuka lake, akaketi nyuma yangu. "Twende," akasema, "na usikimbize."

Sikukimbiza. Niliendesha kama nimebeba mayai, na nilitabasamu njia nzima.

Hata hivyo nina mashaka, na hapa ndipo ninapoyasema. Yanatakiwa magunia kwa magunia kupata jerikeni moja. Kuni za kuchemshia ni za mathenge yenyewe, na kwa sasa zipo tele. Lakini tuktuk zote za mji zikitaka mafuta haya, nani atalizuia shoka lisiifikie migunga, miti yetu ya asili? Na maganda yakianza kuuzika, si kutatokea mtu wa kuupanda mti huu tuliokuwa tukiulaani?

Nilimuuliza Abdirizak. Alisema hajawahi kuahidi kuuendesha mji mzima, anataka tu sehemu ndogo ya mafuta yetu isitoke mbali. Nimelipenda jibu hilo. Ni dogo, linabebeka.

Kinachonibaki ni mimi mwenyewe. Ukame utarudi, tunaujua. Siku hiyo petroli huenda ikawa ghali, tangi langu litakuwa tupu, na vichakani kutakuwa na maganda machache yaliyobaki. Je, nitamkumbusha kaka yangu azime moto, au nitajifanya nimesahau?

Leo, nikiwa nimeshiba na nina furaha, najiandikia jibu: nitamkumbusha. Inshallah nitakuwa mtu yule yule.