Jumamosi Tano Nilizoziandikia Sifuri

Mpendwa Shangazi, mshauri wa gazetini, naomba unisaidie kabla ya Ijumaa ya wiki ijayo, na tafadhali usinicheke ukisikia kwamba kilichoniondolea raha ni ndege, tena si kuku wala bata bali vitwitwi, wale ndege wadogo wa miguu myembamba wanaokimbiakimbia kwenye matope pembezoni mwa maji utadhani wamechelewa kazini.

Mimi ni fundi cherehani, huu ni mwaka wa tisa wa ndoa yangu, na ninaishi na mama mkwe ambaye, Mungu ni shahidi, sijawahi kuona mtu kama yeye. Alikuwa mkunga hadi alipostaafu, na majirani wanamwita Karani wa Ndege kwa sababu kila Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kwa miaka ishirini na miwili sasa, anakwenda kwenye mabwawa ya majitaka ya mji, ndiyo, yale yale yanayofanya watu wafunge vioo vya gari, anasimama sehemu zile zile sita, dakika kumi kila sehemu, na darubini yake iliyozungushiwa plasta, anahesabu na kuandika kwenye daftari, halafu anarudi nyumbani kuziingiza namba kwenye simu na kuzituma. Mwanzoni nilidhani ni mambo ya ustaafu tu. Kumbe siku moja alinikalisha mezani akanifungulia ramani kwenye simu, nikaona vidoti, mamia ya vidoti, na kila kidoti ni mtu kama yeye, katika nchi zaidi ya arobaini, wanahesabu wiki ile ile kwa utaratibu ule ule ili namba zao ziweze kuwekwa pamoja, na mtu yeyote duniani anaweza kuzisoma bila kumpigia mtu magoti. "Ona huku juu kwenye baridi, wameanza kupungua," akaniambia. "Ujue wako njiani. Wiki mbili tatu hivi watatua hapa kwetu." Na kweli wiki ya tatu wakatua. Mshauri, mwili ulinisisimka.

Kuna mzee mmoja huko kwenye baridi, fundi wa meli mstaafu, yeye na mama hawajawahi kuonana, na lugha moja hawana, simu ndiyo inayowatafsiria, lakini kila mwaka ndege wakiondoka kwake humwandikia mama, "Nimewatuma," na wakifika kwetu mama humjibu, "Nimewapokea." Basi, hawaandikiani kingine, na ni mwaka wa kumi na nne huu.

Sasa mwaka huu mama alifanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, jicho moja kisha la pili, daktari akamkataza upepo na vumbi kwa miezi mitatu, na Jumamosi hizo kumi na mbili ndizo hasa za ndege kupita. Ana watoto wanne wa kuwazaa mwenyewe, hakumpa hata mmoja daftari, alinipa mimi. Alinifundisha mezani kwa maharage, anayamwaga, anayafunika kwa kitambaa, "Ngapi?" mpaka jicho langu likazoea. "Mwanangu, usikisie ili kunifurahisha," aliniambia. "Unayemwona ndiye unayemwandika."

Jumamosi nne za mwanzo nilienda, na nilihesabu vizuri wale wachache waliokuwepo, kundi la safari lilikuwa bado kufika. Ya tano nilikuwa na sare za shule, mwalimu mkuu alizitaka Jumatatu, nikasema nitakwenda mchana, mchana ukapita, na ile programu ya simu haikubali ukurasa mtupu, ukiacha wazi inakuuliza sababu, na sababu hiyo mama angeisoma siku moja, nikaona haya, nikaandika sifuri. Nilijiambia kwamba nikiandika thelathini nitakuwa nimesema uongo, lakini sifuri haimwongezei mtu kitu wala haimpunguzii. Jumamosi ya sita sare zilikuwa bado, ya saba mvua, ya nane na ya tisa sina hata cha kusingizia, nilikuwa nimeshazoea. Mama macho yamefungwa, mimi ndiye niliyemsomea namba. "Hata mmoja?" ananiuliza. "Hata mmoja, mama," namjibu huku napiga pasi. Ndipo nilipoanza kumwona anaacha chakula mezani, na mimi nikashindwa kurudi nyuma. Tatu za mwisho nilienda, lakini ndege wengi walikuwa wameshapita, nikapata kumi na tisa, kumi na wawili, tisa.

Fundi wa meli aliandika, "Nimewatuma. Hujawapokea?" Mama akaniambia nimjibu bado. Nikaandika bado. Wiki tano, bado.

Mwezi huu ameandika mratibu wa mtandao mzima, kwa adabu sana, kwamba vituo viwili vilivyo kabla yetu kwenye njia ya ndege navyo vimepata wachache mwaka huu, kwa hiyo sifuri zetu tano ni nzito, wanafunga ripoti ya njia nzima Ijumaa ya wiki ijayo, na je, ni kweli mabwawa yaliangaliwa siku hizo? Mama alinitamkia jibu, mimi nikaliandika kwa vidole vyangu hivi: "Namba za mkwe wangu ni namba zangu. Akisema sifuri, alisimama pale na ndege hawakuwepo." Nikabonyeza kutuma.

Na bado sijamaliza. Wiki zile zile msimamizi wa mabwawa, tunamwita Bwana Funguo kwa lile rundo analotembea nalo kiunoni, alikausha bwawa moja ili kutoa tope. Mama ameamini kwamba yeye ndiye aliyewafukuza ndege, amewaandikia wakubwa wake, na bwana huyo ameitwa kujieleza. Juzi nilipita getini akanisimamisha pembeni. "Dada," akasema, "kitabu cha wageni sijamwonyesha mtu. Jina lako halimo Jumamosi tano. Mimi nitakubali kwamba niliwafukuza ndege, yaishe. Mambo ya mkwe na mkwewe siyaingilii." Mtu anajiweka kitanzini ili kunisitiri mimi! Nilikosa pa kuuweka uso wangu.

Nilirudi nyumbani nikafungua madaftari ya zamani ya mama, sijui nilikuwa natafuta nini, labda kosa lake hata moja linifariji. Nikakuta kurasa zenye mstari mmoja tu. "Sikwenda. Mvua." "Sikwenda. Tumemzika mume wangu." Na moja, miaka kumi na mmoja iliyopita: "Sikwenda. Uvivu."

Mume wangu anasema ninyamaze, eti namba ni nyingi duniani, hizi zitamezwa na nyingine. Lakini mama ameshawatangazia wanawe kwamba akichoka mabwawa ni yangu, na mimi niliondokewa na mama mzazi nikiwa darasa la pili, huyu ndiye mama niliye naye. Nikisema, nampoteza. Nikinyamaza, nitakaa naye meza moja maisha yangu yote nikiwa mwongo. Nifanyeje?

Fundi wa Sifuri

*

Fundi, nimesoma barua yako mara mbili. Mara ya kwanza nilikasirika, mara ya pili nikakasirika tena, halafu nikaenda kunywa chai ndipo nikaweza kukujibu kama mtu mzima.

Tuanze na ubaya tuumalize. Ulijidanganya kwamba sifuri haimpunguzii mtu kitu. Anayeandika sifuri anaapa kwamba alisimama sehemu zote sita, alitazama saa nzima, na ndege hawakuwepo. Wewe uliapa mara tano ukiwa kwenye cherehani. Ungeandika ndege elfu tatu, kuna mtu angeshtuka akakupigia simu siku hiyo hiyo. Sifuri zako zimepita kimya kwa sababu siku hizi tumeshazoea kusikia kwamba viumbe vinaisha, tunaitikia kwa kichwa na kuendelea na chakula. Kuna watu wanaotakiwa kujua wapi kweli vinaisha ili waende wakaokoe, na wewe umewaelekeza kwenye bwawa lisilo na shida huku vile vituo viwili vingine pengine vina shida ya kweli.

Sasa nivute pumzi. Ndugu yangu, unaishi kati ya watu wa ajabu, na nadhani hilo unalijua, maana barua yako imejaa kuwasifu kuliko kujitetea. Mimi nimekaa nikawaza hao watu wa nchi arobaini. Hakuna polisi wa kuwasimamia kwenye matope. Hawalingani lugha, hawajuani sura, na bado wamekubaliana kusimama dakika zile zile na kuhesabu kwa namna ile ile, halafu wanazitoa namba zao bure kwa yeyote anayezihitaji. Kinachowashikilia ni kwamba kila mmoja anaamini mwenzake aliamka. Serikali ngapi zingeweza kukaa pamoja hivyo hata wiki moja? Na mama mkwe wako ni mmoja wao, kwenye harufu ile, miaka ishirini na miwili. Nikikutana naye nitamwamkia kwa mikono miwili.

Kwa kuwa mambo ya ndege siyajui, nilimpigia simu mwanamke ambaye kazi yake ni kupokea namba za aina hii kutoka kila upande. Sikukutaja. Nilimwuliza anafanya nini mtu akimwandikia kwamba alichotuma si kweli. Alicheka. Akasema masahihisho anayapata kila wiki, juzi tu bwana mmoja ameandika kwamba chura aliyemrekodi miaka tisa iliyopita hakuwa yule aliyemdhania. Namba ya zamani haifutwi, inabaki pale, na mpya inakaa pembeni yake pamoja na jina la aliyesahihisha na tarehe. "Na huyo mtu mnamwamini tena?" nikamwuliza. "Shangazi," akanijibu, "huyo ndiye ninayemwamini. Wanaonitia hofu ni wale ambao hawajawahi kukosea."

Mumeo mpe pole zangu. Anakupenda, ila hapa amekushauri kama mtu anayemwogopa mama yake. Asiwepo mtakapozungumza.

Kwa hiyo leo, ukishaweka gazeti hili chini, si Alhamisi, si baada ya kumaliza oda, funga duka uende nyumbani. Kaa mbele ya mama mkwe wako, mikono isiwe na pasi wala sindano, umwambie: mama, Jumamosi ya tano hadi ya tisa sikwenda. Liseme hilo kwanza kabla ya sare, kabla ya mvua, kabla ya machozi. Ukianza na machozi atakubembeleza kabla hajajua anachokusamehe, na huo utakuwa uongo mwingine. Kisha mweleze kuhusu jibu ulilomwandikia mratibu ukijua si kweli.

Atakasirika. Mwache akasirike. Amemlilia ndege asiyekufa, amempa mwenzake wa mbali huzuni ya bure, na amemshtaki mtu asiye na kosa kwa jina lake mwenyewe lenye heshima. Hasira hiyo ni haki yake, usiikatize kwa kuuliza kama bado anakupenda. Mkunga ameona watu wengi wakiwa katika hali zao mbaya kuliko zote na hakuwakimbia, lakini kama atakusamehe aliamue yeye, kwa saa yake.

Akimaliza, chukua simu mbele yake ufungue Jumamosi moja moja, uondoe sifuri, na pale panapotaka sababu uandike sababu ya kweli. Zile mbili ambazo huna cha kusingizia, unajua neno lake, umeliona kwenye daftari. Mwandikie mratibu kwa jina lako, mistari minne inatosha, na usimtupie mama hata herufi moja. Mwandikie na fundi wa meli, yule mzee amesubiri vya kutosha.

Kisha nendeni getini, wawili. Bwana Funguo asiitwe nyumbani kuombwa radhi, mfuateni kazini kwake, mbele ya wenzake, kwa sababu huko ndiko alikochafuliwa. Mama afute mashtaka yake kwa maandishi na wewe utie sahihi chini kama mwenye kosa. Huyo bwana alikuwa tayari kuumia ili asikuvunjie nyumba, na watu wa namna hiyo hawazaliwi kila siku, basi usimwache hata siku moja zaidi na mzigo wako.

Kuhusu mabwawa kuwa yako siku moja, usiulize. Miezi mitatu ya daktari imekwisha, Jumamosi hii atakwenda. Mwombe umfuate. Simama hatua tano nyuma yake, hesabu kimya kwenye karatasi yako, sehemu zote sita, na msionyeshane mpaka mmalize. Yeye ana jicho la miaka ishirini na miwili, na namba yako karibu kila mara itakuwa ndogo kuliko yake. Utatamani sana kuipandisha kidogo ili zilingane. Iache ilivyo, mpe karatasi.

Shangazi