Akinyi Hakumwacha Baba

Doha

Mama yangu mpendwa,

Pole tena, Mama. Umeamkaje? Goti limepunguza kuuma? Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio umevunjika. Naandika kwa karatasi kwa sababu kwa simu ningelia, nawe ungeanza kunibembeleza, na sistahili. Barua anakuletea mwenzangu wa kazi, mtu wa Bondo.

Nasikia hujamsemesha Akinyi tangu mazishi. Shangazi naye anatangaza Asembo nzima eti binti alimwacha baba yake akakata roho peke yake. Naomba ukae chini, usome pole pole.

Mchana ule ulikuwa umeenda kuchukua dawa za Baba. Nilikuwa chumbani kwangu hapa Doha nikimwona Baba kitandani kwenye kompyuta, Akinyi amemshika mkono. Picha ikakatika. Nikampigia Akinyi simu ya kawaida, nikamtuma sebuleni aangalie ruta, ile mashine ya intaneti niliyowanunulia.

"Yawa, taa zote ni kijani," akasema. "Wacha nirudi, Baba anapumua vibaya."

Nikakataa! Nikamwambia hajui kitu, achomoe waya, arudishe, angoje, aniambie taa gani inawaka. Mara tatu, Mama. Nilimfokea dada yangu mkubwa kama mtoto. Alipopata nafasi ya kurudi, nikasikia nduru.

Ruta yenu haikuwa na shida yoyote. Niligeuka nikaona yangu mimi: taa ya waya imezimika. Kiti changu kilikuwa kimevuta waya ukalegea. Na kazi yangu hapa ni hiyo hiyo, kuangalia taa na waya kutwa. Kila mgeni kazini namwambia aanze kukagua upande wake. Niliusukuma kwa kidole tu, picha ikarudi. Akinyi alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda.

Baada ya mazishi nilimwambia ukweli. Akanijibu, "Nyamaza. Uko mbali, wakikukasirikia utakosa pa kurudi. Mimi niko hapa Migosi, karibu na nyumbani, nitavumilia."

Mama, asivumilie tena. Nikasirikie mimi. Mwite nyumbani, umpikie, umwambie pole.

Nisalimie mke wa kaka na jirani anayekukamulia ng'ombe. Msalimie pia shangazi, na umsomee barua hii yote bila kuruka neno.

Ni mimi mwanao, niliyemtoa Akinyi kando ya Baba,

Ochieng'