Vidonge vya Zafarani na Mbuzi wa Lorugum

Akiru mjukuu wangu, ejok!

Hapa Kakuma sisi wazima. Shangazi yako amejifungua msichana. Chupa yako ya vidonge vya zafarani imefika, na unauliza kama vimesaidia kichwa changu, maana siku ile kwa simu nilikuita kwa jina la mama yako.

Nilipokuwa msichana kule Lorugum, upepo wa vumbi ulichanganya mbuzi wetu na wa jirani kisimani. Vumbi lilipotulia, jirani akaanza kuswaga wetu, akisema ni wake. Wazee wakanisimamisha mbele kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nawakamua. Sikubishana. Nilimwita kila mbuzi jina lake, nikamtaja mama yake na nyanya yake, naye akageuka akaja. Yule wa sikio jeupe alimwacha jirani akiwa bado anaongea! Baba aliniimbia njia nzima mpaka nyumbani.

Majina yale sikuyashika siku moja. Niliyaita kila jioni, tukiwaachia watoto wao wanyonye.

Vidonge nilimwonyesha nesi kwanza, kwa ajili ya dawa yangu ya presha. Amesema nisubiri daktari, kwa hiyo sijameza hata kimoja. Lakini jana jioni niliketi mlangoni nikawaita mbuzi wale wote, mmoja mmoja. Wamekufa zamani, na hakuna aliyepotea.

Nipigie Jumapili uniulize mbuzi yeyote. Na wewe ujiandae: nitakuuliza majina ya nyanya zako.

Nyanya yako, Ata